Damu Ina Wenyewe: Singida, Kitanzi cha Serikali na Haki ya Mfiwa



Mwenzetu mmoja ameposwa na kijana wa Singida, na harusi, inshaallah, ni Mfungo Mosi. Siku wakwe walipokuja Unguja kuleta posa, bibi mmoja katika msafara wao alianza kusimulia habari za simba watu, na chai ikapoa mezani bila mtu kuigusa. Wageni walipoondoka, bibi harusi wetu alituuliza mambo mawili. La kwanza, yale ni kweli au ni ngano za kutishia watoto? La pili lilikuwa zito zaidi. Bibi yule alimaliza kwa kusema serikali iliwanyonga wahusika, wake kwa waume, na kwamba "hata Qur'ani ndivyo inavyotaka". Je, ndivyo inavyotaka?

Tulimwahidi tutaandika. Na tumeona tuandikie wote, kwa sababu mjadala wa hukumu ya kifo kila ukizuka nchini hutupiwa sisi Waislamu kana kwamba jibu letu linajulikana kabla hatujafungua mdomo.

Tuanze na simba. Singida iko katikati ya nchi, baina ya Dodoma na Tabora, mji wenye maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai, na mawe makubwa yaliyosimama kama yamepangwa na mtu. Sisi wa visiwani tunaijua kwa alizeti, vitunguu na kuku wa kienyeji. Misafara ya zamani ya kutoka pwani kwenda Tabora ilipita katika nchi hizo za kati, na Uislamu ukapita nayo. Wenyeji wakubwa ni Wanyaturu na Wanyiramba.

Katika miaka ya 1940, vita vikuu vikielekea kwisha na baada ya hapo, watu wengi walianza kuuawa katika Wilaya ya Singida. Maiti zilikutwa porini na majeraha kama ya makucha. Serikali ya Mwingereza mwanzoni ilidhani ni wanyama, kisha ikaamini ni watu waliovaa ngozi za simba na kuua kwa malipo au kwa uhasama. Polisi waliongezwa, vijiji vikasakwa, kesi zikafunguliwa, na watu wakahukumiwa kunyongwa, wanawake miongoni mwao. Kwa hiyo bibi hakusema ngano.

Lakini kuna kipande ambacho bibi hakukisema, na sisi ndicho kilichotushika. Ofisa wa Kiingereza, A. W. Wyatt, aliandika habari hizo mwaka 1950 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na aliziandika kwa jicho la serikali. Miaka 12 baadaye msomi wa Kimarekani, Harold Schneider, aliyeishi na Wanyaturu na kuchunguza maisha yao, aliandika katika jarida hilo hilo kutaka mambo yale yatazamwe upya. Kwa Wanyaturu uchawi ulihusishwa sana na wanawake. Ukiunganisha hilo na hofu, na majirani wenye visasi vyao, unaona jinsi ilivyokuwa rahisi kidole kumwelekea mwanamke mzee asiye na mtetezi. Na hofu hiyo haikwenda na Mwingereza. Singida ni moja ya mikoa ambayo hata baada ya uhuru vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi.

Wala si mara ya kwanza kwa dola kumwaga damu ya mwanamke wa huko. Uwanja wa mpira wa Singida siku hizi unaitwa Liti. Hilo ni jina la mwanamke wa Kinyaturu ambaye masimulizi yanasema aliwaongoza watu wake kumpinga Mjerumani, na kwamba nyuki walikuwa silaha yake. Wanahistoria wanaiweka harakati hiyo mwaka 1908. Aliuawa. Aliyeitwa mchochezi wakati ule leo anashangiliwa na mashabiki kila Jumamosi bila wengi wao kujua ni nani.

Sasa turudi kwenye kesi za miaka ya 1940. Mashtaka ya kuua yalikwenda Mahakama Kuu. Jaji alikaa na wazee wa baraza waliotoa maoni, lakini maoni yao hayakumfunga. Rufaa ilikwenda Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, na mwisho Gavana ndiye aliyeamua mtu anyongwe au asamehewe. Angalia nani hayumo. Mjane hayumo. Mama aliyezika mtoto hayumo, isipokuwa aliitwa kama shahidi, akaulizwa aliona nini, akaambiwa ashuke kizimbani. Damu ilikuwa ya Mfalme wa Uingereza.

Hapo ndipo jibu la swali la pili linapoanzia. Lugha yetu yenyewe inatusaliti kidogo. Neno "kisasi" tumelitoa kwenye neno la Kiarabu qisas, lakini njiani tulidondosha nusu ya maana. Kisasi kwetu ni hasira, ni kulipiza. Qisas ni ulinganifu, ni hukumu yenye mipaka, na ndani yake umewekwa mlango wa kutokea. Soma Al-Baqara aya ya 178: mara baada ya kutajwa qisas, anatajwa aliyesamehewa na ndugu yake, na muuaji anaitwa ndugu hapo hapo. Soma Al-Maida aya ya 45, msamaha umehesabiwa kuwa sadaka inayomfutia msamehevu madhambi. Na Al-Israa aya ya 33 inampa mamlaka walii wa aliyeuawa, kisha inamkataza kupita kiasi.

Neno la pili lililomo katika Kiswahili cha wazee wetu ni "dia", malipo ya damu. Asili yake ni ngamia 100. Wenye damu wana njia tatu: kudai qisas, kuchukua dia, au kusamehe bila ya chochote. Kadhi au mtawala ni msimamizi wa haki hiyo. Akijiamulia peke yake kuua wakati wenye damu wamesamehe, hajatekeleza qisas. (Yapo makosa mengine, kama ujambazi wa kuua njiani, ambayo mafakihi wameyaweka mlango wao. Tusichanganye.)

Na nani mwenye damu? Hapa, mabibi harusi, kaeni vizuri. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani na visiwani, haki ya qisas ni ya warithi wote, wanaume na wanawake, wa nasaba na wa ndoa. Mume akiuawa, mke ni mmoja wa wenye damu. Akisamehe mmoja tu kati ya warithi, awe ni mke, awe ni binti, qisas imeanguka kwa wote na inabaki dia kwa wasiosamehe. Mrithi akiwa mtoto mdogo, hukumu husubiri mpaka abaleghe aseme mwenyewe, na muuaji hukaa kifungoni. Wamaliki wana kauli nyengine inayowapa haki hiyo zaidi wanaume wa upande wa baba. Hitilafu hiyo ipo, na hatuifichi. Ila kwa fikihi tunayosomeshwa kwenye madrasa zetu, siku ya akdi unapokea zaidi ya mahari. Unaingia katika orodha ya watu ambao neno lao linaweza kumwondolea mtu kitanzi. Somo anatufunza udi, chakula na mengine yasiyoandikika hapa. Hili sisi hatukufunzwa na somo yeyote, tulilikuta kitabuni tukiwa watu wazima.

Basi aliyesema "Qur'ani ndivyo inavyotaka" kuhusu kitanzi cha Singida amesema nusu. Kuua kwa kukusudia kuna adhabu ya kifo katika sharia, ndiyo. Lakini mahakama isiyomuuliza mfiwa, inayopeleka msamaha kwa Gavana peke yake, haikuwa ikitekeleza sharia yetu hata ikifanana nayo kwa mbali.

Uhuru ulikuja, sheria ikabaki. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinamtaka jaji amhukumu kunyongwa kila anayetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia. Hana hiari, hata akiona huruma. Mwanamke mwenye mimba hubadilishiwa, anafungwa maisha. Wanafikihi nao wana yao kuhusu mja mzito, anangojewa ajifungue na mtoto apate wa kumnyonyesha. Gavana aliondoka, kalamu ikashikwa na Rais.

Mwaka 1994, Jaji James Mwalusanya, akiwa Mahakama Kuu Dodoma, mahakama ambayo kesi za Singida zilikuwa chini yake, alipewa kesi ya watu wawili, Mbushuu na mwenzake. Aliwatia hatiani kisha akakataa kuwahukumu kunyongwa. Alieleza kwa kirefu kuwa kunyonga ni adhabu ya kikatili inayomdhalilisha binadamu na inayopingana na Katiba. Serikali ikakata rufaa. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilitoa jibu ambalo mpaka leo tunalisoma mara mbili mbili. Ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na ya kudhalilisha. Halafu ikasema inaruhusiwa na Katiba kwa maslahi ya umma, na kwamba ni jamii yenyewe ya kuamua kama inaitaka.

Jamii. Yaani sisi. Sasa jamii ilipojadili, ilijadili vipi? Kwa kelele zaidi kuliko elimu. Mfano ni Mahakama ya Kadhi kwa Tanzania Bara. Makadhi wa bara waliondolewa mara baada ya uhuru, na Waislamu wakadai warudi kwa miaka mingi. Muswada ulipofika mwaka 2015 ulipingwa vikali na ukaondolewa bungeni. Wapo waliokuwa wakitishana kuwa kadhi akija ataanza kukata mikono na shingo. Kadhi huyo aliombwa ashughulikie ndoa, talaka, mirathi na wakfu! Hapa Zanzibar tuna makadhi miaka yote, tunawapelekea kesi za matunzo na mirathi, na hakuna aliyewahi kusikia kadhi akimhukumu muuaji. Muuaji hupelekwa Mahakama Kuu, na huko sheria yake ni ile iliyotokana na ya Mwingereza. Nasi tuna lawama yetu: badala ya kueleza haya kwa utulivu, wengi wetu tulijibu matusi kwa matusi.

Tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa nchini. Mwaka 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kuwa kutia sahihi kunyonga mtu ni jambo gumu kwake. Lakini hukumu zinaendelea kutolewa, na watu wanazeeka gerezani wakisikiliza hatua za askari asubuhi. Tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha, katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake, ilisema kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kunavunja haki ya kuishi, na kwamba kunyonga kunavunja utu. Tanzania iliamriwa iondoe sharti hilo.

Kisha kuna kosa jengine ambalo adhabu yake kubwa ni kifo, nalo halina maiti wala mfiwa: uhaini. Wanawake wa Kiislamu tunalikumbuka kwa Bibi Titi Mohamed, aliyezunguka nchi nzima kuwaita wanawake wajiunge na TANU, kisha akakamatwa mwaka 1969 na kushtakiwa kwa uhaini. Alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1971, akasamehewa na Mwalimu Nyerere mwaka uliofuata. Sisi wa visiwani tunalikumbuka pia kwa wale wafuasi 18 wa CUF waliokaa rumande miaka, mpaka Mahakama ya Rufani iliposema Novemba 2000 kuwa uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Zanzibar peke yake. Na Aprili 2025 shtaka hilo lilimfika mzaliwa wa Singida, Tundu Lissu wa Ikungi. Baada ya maandamano ya siku ya uchaguzi, 29 Oktoba mwaka huo huo, mamia ya watu, wengi wao vijana, walifikishwa mahakamani kwa uhaini, na wengi baadaye wakaachiwa. Kesi za mahakamani hatuziamui sisi. Tunachosema ni kwamba katika shtaka la aina hii hakuna mjane wa kuulizwa anasamehe au hasamehi. Aliyeshtaki ni dola na anayeweza kusamehe ni dola. Anayewaambia Waislamu waiunge mkono adhabu hiyo kwa hoja ya qisas atuoneshe kwanza walii wa damu ni nani.

Tulimsomea haya bibi harusi wetu kabla hatujayachapisha, mikono yake ikiwa na hina isiyokauka. Alinyamaza muda. Halafu akauliza: ikiwa yeye mjane amesamehe, na mama mkwe, aliyemzaa marehemu, hataki?

Tukamwambia qisas imeanguka. Mama mkwe atachukua fungu lake la dia.

"Na tutaendelea kukaa nyumba moja?" akauliza.

Hilo, mwenzetu, halimo katika kitabu chochote tulichosoma.