Lukole, kilimo cha kibarua

Lukole ilikuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi wilayani Ngara, mkoani Kagera, iliyokua baada ya vita vilivyoanza Burundi mwaka 1993. Kisheria, mkimbizi hakutakiwa kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Mgawo wa chakula kutoka Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (mahindi, maharage, mafuta na chumvi) ulikusudiwa kumlisha, lakini aliyetaka sabuni, nguo au nyama ilibidi auze sehemu yake sokoni.

Wengi walikuwa wakulima tangu kwao, hivyo jembe halikuwekwa chini. Walilima vibarua kwa wanakijiji wa jirani, wakapalilia migomba na maharage kwa ujira wa fedha au chakula. Wengine walifungua vibanda, au wakapika pombe. Kwa mwenyeji mwenye shamba kubwa, hao walikuwa nguvukazi rahisi. Kwa Mtanzania maskini aliyetegemea kibarua hichohicho, walikuwa washindani, na ujira wake ulishuka. Hasara hiyo, kwa bahati mbaya, husahauliwa kila inaposifiwa neema ya soko la kambi.