Somo la Anga za Juu Lianzie Nariokotome

Wadau, nikitaja anga za juu wengi wenu mnawaza roketi, Marekani na mabilioni ya pesa. Mimi nawaza Nariokotome. Ngojeni niwaeleze.

Historia kwanza. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikapewa jina Uhuru, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kutumwa mahususi kuchunguza eksirei za angani. Jina letu, bahari yetu, lakini mikono iliyoiunda haikuwa yetu.

Ruka hadi 11 Mei 2018. 1KUNS-PF, kisetilaiti cha Chuo Kikuu cha Nairobi chenye upana wa sentimita 10, kiliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga kwa msaada wa Japani. Safari hii mikono ya Wakenya ilikuwemo. Imechukua zaidi ya miaka 47 kutoka kutazama hadi kushika!

Sasa Nariokotome inaingiaje? Mwaka 1984, kando ya mto huo wa msimu, magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu kwenye kokoto. Kamoya alianza kama kibarua wa kuchimba; jicho lake lilinolewa na miaka ya kushika mifupa. Kipande hicho ndicho kilichoongoza kikosi cha Richard Leakey na Alan Walker hadi kwa Kijana wa Turkana, aliyeishi miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Miguu mirefu, mwili wa kutembea wima: mwili uliozoea kubeba uzito wake juu ya ardhi.

Na hapo ndipo somo lenyewe lilipo. Mwanaanga akiwa huko juu anaelea, miguu haibebi kitu, na mfupa usiobeba kitu hupungua. Nyonga inaweza kupoteza kama asilimia 1 kwa mwezi. Ndiyo maana wanafanya mazoezi karibu saa 2 kila siku.

Jaribio la darasani ni rahisi. Chukua mifupa 2 ya mguu wa kuku, isafishe nyama yote. Mmoja uweke kwenye siki, mwingine kwenye maji, siku 4 au 5. Wa siki utaanza kupinda, kwa kuwa asidi imeondoa kalsiamu. Kisha uliza: ungesimamaje na miguu kama hii ukirudi duniani? Siki si anga, mwalimu aliseme hilo wazi. Lakini mtoto atakuwa ameshika jibu kwa vidole vyake.

Mimi nilifundishwa anga kwa kukariri majina ya sayari. Nilipita mtihani, basi.

Najua kuna watakaosema Turkana inahitaji maji na chakula kwanza. Sibishani na njaa. Ila mbona mtoto wa Nairobi haambiwi asubiri? Ardhi ya Nariokotome imefundisha dunia nzima kuhusu mwili wa binadamu. Mtoto aliyezaliwa juu yake asiishie kuuona kwenye picha.

Walimu wa Lodwar na Kakuma, jaribuni wiki hii. Niambieni mfupa umepinda siku ya ngapi.