Walioanza chuo kabla ya kumaliza sekondari

Mwaka 1951, shule tatu za bweni za mashariki ya Marekani, Andover, Exeter na Lawrenceville, zilikaa meza moja na vyuo vikuu vya Harvard, Yale na Princeton. Kilio kilikuwa kimoja: vijana waliotoka shule hizo walifika chuoni wakakuta mwaka wa kwanza unawarudisha kwenye yale waliyokwisha kuyasoma. Vita vya Korea vilikuwa vikiendelea na vijana wakiitwa jeshini, hivyo mwaka uliopotea darasani ulionekana ghali mno. Uchunguzi ulifanywa kwa fedha za Taasisi ya Ford. Wakati huohuo, Gordon Keith Chalmers, mkuu wa chuo cha Kenyon huko Ohio, alikusanya vyuo 12 kutafuta dawa ya ugonjwa huohuo.

Hapo ndipo lilipoanza kukua jambo ambalo leo ni la kawaida Marekani: mwanafunzi wa sekondari kuhesabiwa krediti za chuo. Sisi tuliopita Kidato cha Tano na cha Sita tusilichanganye na ngazi yetu ile, ambayo humfikisha mtu mlangoni tu. Krediti ni tofali la shahada yenyewe. Shahada ya kwanza ya Marekani huhitaji krediti zipatazo 120, na somo la muhula mmoja mara nyingi huwa na 3. Anayefika na 30 mfukoni amevuka mwaka mzima, pamoja na karo yake.

Bodi ya mitihani ya College Board iliuchukua mwaka 1955 mpango uliozaliwa na juhudi hizo, ukajulikana kama Advanced Placement, au AP kwa kifupi. Mitihani ya mwaka 1956 ilifanywa na wanafunzi 1,229 kutoka shule 104. Alama ni 1 hadi 5, na vyuo vingi hutaka 3 au zaidi. Maswali hutungwa mbali na shule, karatasi husahihishwa mbali, na mwalimu wa darasa hana kauli juu ya matokeo.

Chuo Kikuu cha Connecticut kilifuata njia nyingine mwaka uleule wa 1955. Kiliwaidhinisha walimu wa sekondari kufundisha masomo ya chuo katika madarasa yaleyale waliyozoea, na alama ya mwalimu ikawa alama ya chuo. Kwangu mimi huu ulikuwa uamuzi wa kijasiri kuliko AP, kwa sababu ulimwamini mwalimu. Chuo Kikuu cha Syracuse, jimboni New York, kilianza mpango wa namna hiyo miaka ya mwanzo ya 1970, baada ya shule za jirani kulalamika kwamba wanafunzi wao wa mwaka wa mwisho wamechoka kukaa bila kazi ya maana.

Hadi hapo aliyefikiriwa alikuwa mtoto anayefanya vizuri. Mwaka 1974, Janet Lieberman aliligeuza jambo hilo upande wa pili. Katika chuo cha jamii cha LaGuardia, mtaa wa Queens, New York, alianzisha sekondari ndani ya eneo la chuo kwa ajili ya vijana waliokuwa karibu kuacha shule. Aliwaweka mahali ambapo chuo kiko mlango wa pili na wanafunzi wake wanaonekana kila siku, akitaka nao wajione ni watu wa humo. Wazo hilo lilizaa watoto wengi, hasa baada ya mwaka 2002, Taasisi ya Gates ilipoanza kugharimia sekondari za aina hiyo katika majimbo mbalimbali.

Fedha ndizo zilizobadilisha mambo zaidi. Mwaka 1985 jimbo la Minnesota lilipitisha sheria ya kuwaruhusu wanafunzi wa miaka miwili ya mwisho kusoma chuoni kwa gharama ya serikali. Baadhi ya shule zilinung'unika, kwa kuwa mwanafunzi alipokwenda chuoni sehemu ya fedha zake ilimfuata. Wazazi wasio na akiba waliona nafuu ya kweli. Mwaka huohuo Kenya ilianza mfumo wa 8-4-4, ikaondoa Kidato cha Tano na cha Sita na kuongeza mwaka mmoja chuo kikuu. Nchi mbili ambazo hazikushauriana zilikuwa zikihangaika na miaka ileile, ile ya katikati.

Lakini hakuna sura ya historia hii inayonigusa kama ya Garfield, sekondari ya mashariki ya Los Angeles iliyojaa watoto wa wafanyakazi wenye asili ya Mexico. Mwalimu wao wa hesabu, Jaime Escalante, alizaliwa La Paz, Bolivia, na alikuwa mwalimu kwao kabla ya kuhamia Marekani miaka ya 1960. Huko elimu yake haikumpa kazi ya ualimu. Alisugua sakafu za mgahawa, akajifunza Kiingereza, akarudi darasani kusoma upya, na mwaka 1974 akaajiriwa Garfield. Mtu aliyenyimwa thamani ya alichokijua ndiye aliyewaandaa watoto wale kwa mtihani wa kalkulasi wa AP. Darasa lake la kwanza lilibakiwa na wanafunzi 5, wakafaulu 2.

Mwaka 1982 walifanya mtihani 18, wakafaulu wote. Kisha barua zikaja. Majibu ya wanafunzi 14 yalitiliwa shaka kwa sababu baadhi ya makosa yalifanana. Waendeshaji wa mtihani walishikilia kwamba kilichowashtua ni karatasi zenyewe, si asili ya watoto. Watoto waliofundishwa na mwalimu mmoja, kwa njia moja, hukosea kwa kufanana, na nashindwa kuamini kwamba Andover ingeandikiwa barua kama zile.

Wanafunzi 12 walikubali kurudia. Likizo ilikuwa imewasahaulisha mengi, na walikuwa na siku chache tu za kujikumbusha. Agosti wakaketi tena, maswali mapya, macho ya wasimamizi juu yao. Wote 12 wakafaulu.

Mwaka 1987, wanafunzi wa Garfield waliofaulu kalkulasi ya AP walikuwa 85.