Mizani Moja kwa Kila Waraka

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad. Amma baad.

Ndugu Waislamu, mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani, na misheni ikaanza hapo. Tangu zama hizo, katika nchi ya Masasi na Newala, Qur'ani na Biblia zimesomwa katika mitaa mimoja, na pengine chini ya paa moja. Ndipo vijana wetu huuliza: Je, Biblia ya jirani ndiyo ile iliyoandikwa zamani?

Swali hili hujibiwa kwa elimu, si kwa kelele. Katika nyumba ya watawa chini ya Mlima Sinai ilihifadhiwa nakala ya Kiyunani ya karne ya nne Miladi, ambayo mtaalamu Tischendorf alizikuta kurasa zake mwaka 1844. Ndani yake Injili ya Marko hukoma kabla ya aya 12 za mwisho zinazosomwa leo. Lakini mwaka 1947, pangoni karibu na Bahari ya Chumvi, lilionekana gombo la Isaya lililonakiliwa zaidi ya miaka 100 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa; nalo kwa sehemu kubwa lapatana na nakala za Kiebrania za miaka 1,000 baadaye. Basi asemaye hakikubadilika kitu, na asemaye hakikusalia kitu, wote wawili wamepita mpaka.

Na sisi je? Mwaka 1908 ilienea barua Lindi, bandari ya watu wetu wa bara, ikaitwa Barua ya Makka. Ilidai kwamba Sheikh Ahmad, mtumishi wa kaburi la Mtume, ameoteshwa kuwa mwisho wa dunia umekaribia. Serikali ya Wadachi, iliyotoka katika vita vya Maji Maji mwaka uliotangulia, ikaogopa maasi. Kumbe barua ya namna hiyohiyo ilikwisha kuonekana Jawa miaka ya 1880! Hata leo hupita katika simu zetu, na wengi huinakili bila kuuliza isnadi yake.

Ndugu zangu, anayeuliza chuo cha mwenzake kimetoka wapi, naaulize pia waraka ulio mkononi mwake. Hiyo ndiyo insafu, na ndiyo itunzayo ujirani.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wakweli. Amin.