Maji, Akani na watu wa Masasi

Waungwana, nimekuwa kimya wiki mbili hivi. Nilikuwa kusini, Masasi na Newala, kwa mambo ya kifamilia.

Jumapili nilikwenda kusali na shangazi. Mhubiri akafungua Kumbukumbu la Torati 28, ile sura ya baraka kwa wanaotii na laana kwa wasiotii, akasema anayetii sawasawa hapatwi na baya. Shangazi alimzika mwanawe mwaka jana. Aliinamisha kichwa mpaka ibada ikaisha, na njiani hakusema neno.

Na hayo yanasemwa Masasi, jamani!

Misheni ya hapa ilianza kama kitabu cha Kutoka. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA alitoka Unguja na watumwa walioachiwa huru, zaidi ya hamsini, akiwarudisha kuelekea kwao upande wa ziwa Nyasa. Hawakufika. Walisimama Masasi, wakajenga, wakalima, wakasali. Ukitafuta watu waliotii, ndio hao. Septemba 1882 Wangoni, waliojulikana huku kama Magwangwara, wakawavamia. Nyumba zilichomwa, wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Mtu aliyekwisha kombolewa anatekwa mara ya pili! Huyo alikosa nini?

Misheni ikakimbilia Newala kwa Matola, mkubwa wa Wayao. Uwanda wa Makonde ulikuwa na kinga yake: vichaka vizito ambavyo jeshi lilipenya kwa shida. Bei ya kinga hiyo ilikuwa maji, kwani huko juu hakuna mito, na akina mama waliteremka mabondeni kuyafuata. Ukisimama pale Newala panapoitwa Shimo la Mungu, ukatazama chini kuelekea Ruvuma, utaelewa haraka.

Halafu ikaja 1905, na hapa ndipo hadithi inanikamata. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alitoa maji ya kugeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Tunapenda kumcheka aliyeyaamini. Lakini maji yale yalikuwa na miiko: usipore, usilale na mwanamke wakati wa vita. Risasi zilipoua, jibu lilikuwa tayari: marehemu alivunja mwiko.

Sasa soma Yoshua 7. Akani anaficha nyara za Yeriko, Israeli wanapigwa Ai, watu 36 wanakufa. Amri ni ileile ya kutopora, na maelezo ya kushindwa ni yaleyale. Wapiganaji walioichoma misheni ya Masasi mwaka ule na Wakristo waliokimbia walikuwa na ahadi zinazofanana kuliko wote wawili wangependa kukiri. (Najua nitaandikiwa. Andikeni.) Maelezo hayo yana ubaya mmoja: hayashindwi kamwe. Kila maiti inakuwa ushahidi dhidi yake yenyewe. Vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata viliua watu wasiopungua 75,000 kwa hesabu ya Wajerumani, na wanahistoria wengi wanataja idadi kubwa zaidi. Wote hao walivunja mwiko?

Biblia ya Waebrania haikuishia kwa Akani. Katika Zaburi ya 44 watu walioshindwa vitani wanamlalamikia Mungu waziwazi kwamba agano hawakuliacha, na bado wamechinjwa kama kondoo. Hakuna anayewajibu kuwa wamekosea. Katika Danieli 3 Shadraka, Meshaki na Abednego wanamwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa, na hata asipowaokoa, sanamu hawaisujudii. Wanasema hivyo kabla ya kutupwa motoni, wakati hawajui yatakayowapata.

Mhubiri wetu hakuzigusa sura hizo. Jioni nilimsomea shangazi Danieli, mpaka mstari wa 18. Akaniambia niurudie. Nikaurudia. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza kesho tutapanda basi la saa ngapi kwenda Newala, maana anataka kupitia kaburini kwanza.