Ritha ya Ba

Jumamosi ngazi za nyumba yetu ya Mombasa zilikuwa na harufu ya chuma na matunda makali yaliyochemka. Watoto tulidhani Ba, yule mama mzee wa Kigujarati wa chini, kaunguza mchuzi. Kumbe alikuwa anapika ritha ya kuoshea nywele.

Ritha ni tunda kavu, rangi ya tende, linalonata ukilishika. Ukilitikisa, mbegu yake nyeusi hugonga ndani. Wataalamu wa mimea huliita Sapindus, yaani sabuni ya Uhindi, na hiyo "sapo" ya Kilatini iliyo katika jina hilo ni ndugu wa sabuni yetu tuliyopewa na Waarabu. Kule India ritha haikuwa ya nywele tu. Iliosha hariri na pashmina zisizostahimili magadi, na masonara waliisugulia dhahabu na fedha ing'are.

Ba alipasua matunda kumi, akatupa mbegu, akatia maganda ya mmea wa shikakai na vipande vya tunda la amla, akaloweka usiku kucha katika sufuria ya chuma. Ya bati hakuitaka kabisa. Amla ikikaa na chuma, maji hugeuka meusi, na weusi huo ndio aliokuwa akiutafuta kichwani mwake. Asubuhi alichemsha kwa moto mdogo mpaka maji yakapungua nusu, akafikicha kwa mikono, akachuja kwa melimeli. Povu lilikuwa dogo, tena la kukatisha tamaa. Na hayakuwa maji ya kuweka. Siku mbili tatu yanachacha, ndiyo maana kila Jumamosi tulinusa upya.

Siku moja alinikalisha kwenye kibao. "Funga macho, dikri!" akaniambia, yaani binti. Sikufunga. Pilipili ina huruma kuliko ritha.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni vidole. Kabla ya maji alinipaka mafuta ya nazi, akanikanda utosi, kisogo, nyuma ya masikio, muda mrefu hata nikasinzia. Niliona anapoteza wakati. Miaka mingi baadaye, nimeshakuwa msusi, ndipo nilipojua kwamba kukanda huko ndiko shampuu yenyewe. Neno limetoka katika Kihindi, "champo", amri ya kumwambia mtu: binya, kanda.

Aliyelipa neno hilo umaarufu Uingereza ni Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna, 1759. Mwaka 1810 alifungua mkahawa wa Kihindi London, ukafilisika upesi. Akahamia Brighton, mji wa ufukweni, akafungua hamamu. Mgonjwa aliketi katika mvuke wenye mitishamba, amezingirwa na hema la flaneli. Mkandaji alisimama nje akipenyeza mikono kupitia mikono ya kitambaa iliyoshonewa hemani. Walikuja wenye baridi yabisi, wakaja wakubwa, mpaka Mahomed akateuliwa mkandaji wa Mfalme George IV, kisha wa William IV. Kitabu chake cha 1822 kinaitwa Shampooing, na aliyekinunua kwa ajili ya kuosha nywele angerudisha.

Neno lilihama polepole, kutoka viungo vya mwili hadi kichwa, kutoka kukanda hadi kuosha. Mahomed alifariki 1851. Kabla karne haijaisha Waingereza walishazoea kuliita hivyo josho la nywele. Mwaka 1903 Hans Schwarzkopf wa Berlin akauza shampuu ya unga katika pakiti, na 1927 ikaja ya maji. Jina likaingia chupani. Vidole vikabaki nje.

Wateja wangu sasa wanaulizia shampuu ya mitishamba, nami huwapikia ritha kwa sufuria ya chuma, nikiongeza uwatu uliolowekwa ili nywele ngumu ziteleze kwenye kitana. Ukutani nimebandika bei: kuosha, na chini yake, kwa malipo ya ziada, kukanda kichwa. Ba angeisoma mara mbili, kisha angeuliza hiyo ya kwanza ni kitu gani.