Kamba ya Makumbi

Gatini Nyamisati, tukisubiri maji yajae ili boti ya Mafia iondoke, nilimkuta bibi mmoja akifua nazi. Kifuo kimechimbiwa mchangani, makumbi yanaangukia kando. Nikamwuliza atayafanyia nini.

“Kuni, mjukuu wangu. Kamba siku hizi za nailoni.”

Si yeye peke yake. Huko juu Kilombero, ambako mto Rufiji huchota sehemu kubwa ya maji yake, kiwanda cha sukari nacho huchoma makapi ya miwa kupata mvuke na umeme. Lakini makumbi yana historia nyingine.

Mfanyabiashara wa Kigiriki aliyeandika Periplasi ya Bahari ya Eritrea, katika karne ya 1, anaitaja Rhapta, bandari ya mwisho ya Azania, na kusema jina hilo limetokana na vyombo vilivyoshonwa. Wapo wanahistoria wanaoiweka Rhapta hapahapa kwenye delta. Miaka ya 1990 Felix Chami alichimbua Mkukutu, Kibiti, akapata shanga za kioo za Kirumi.

Ushonaji wenyewe tunaujua vizuri zaidi kupitia mtepe wa pwani ya Lamu, uliodumu hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Mbao zake ziliunganishwa kwa kamba za makumbi, bila msumari wa chuma. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alieleza sababu alipoziona kamba za aina hiyo Maldivi: chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, kilichoshonwa hunepa.

Na kamba haikuwa kazi ndogo. Makumbi hufukiwa kwenye tope la maji ya chumvi kwa miezi. Vijidudu hula kile kinachogandisha nyuzi, ila nyuzi zenyewe, zenye lignini nyingi, hustahimili. Yakifukuliwa (harufu yake usiulize) hupigwa kwa rungu hadi unga utoke, ubaki usumba, kisha usumba husokotwa kwa viganja, pima baada ya pima. Wapigaji na wasokotaji walikuwa zaidi wanawake. Nimesoma majina ya manahodha, masultani na wasafiri wa bahari hii. La msokotaji sijakutana nalo hata moja.

Honi ilipolia, bibi alikuwa ameshajaza gunia la makumbi. Akalifunga mdomo kwa kipande cha kamba ya bluu, akaniambia niwahi, boti haimsubiri mtu.